Tairi la gari kwenye pikipiki: swali la kijiweni Turiani na hesabu iliyo nyuma yake

Kaa kwenye kijiwe chochote cha bodaboda Turiani kwa saa moja tu, mazungumzo yatafika kwenye tairi la nyuma. La mbele halina kesi. Linaweza kukaa mpaka mwenyewe akasahau alilinunua lini. La nyuma ndilo linalobeba abiria, gunia la mpunga wa Mkindo, mikungu ya ndizi inayoshuka kutoka Mhonda, na juu ya hayo yote ndilo linalosukumwa na injini. Ndilo linaloisha. Na mara nyingi linaisha wakati mbaya: mkataba wa pikipiki bado una miezi, masika yameanza, na mfukoni kuna hela ya mafuta ya leo tu.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Tairi la gari dogo linatembea mwaka na zaidi, tena gari likiwa limejaza watu watano. Kwa nini lisifungwe nyuma ya pikipiki? Wenye simu janja wameshaona video za watu wa Marekani na Ulaya wakifanya hivyo kwenye mapikipiki makubwa ya safari ndefu, na wanaendelea na safari zao.

Jibu fupi ni kwamba kwa pikipiki za huku halifungiki, na hata lingefungika lisingefaa. Lakini jibu fupi linamwacha dereva palepale alipokuwa, na tairi lake kipara. Tuanze na hao wa kwenye video, maana sababu yao ni ileile ya Turiani.

Wanaofunga, na kwa nini

Pikipiki inayotajwa sana katika habari hizi ni Honda Gold Wing. Usiifikirie kama Boxer iliyonenepa. Ina uzito wa kiasi cha kilo 400, na toleo lililotamba kwa miaka mingi kuanzia 2001 lina injini ya cc 1,832, kubwa kuliko injini ya IST unayoiona ikipita hapa mjini. Mwenye nayo hubeba mwenzi wake, mabegi matatu na hema, kisha anakata barabara iliyonyooka siku nzima.

Tairi lake la nyuma linaisha upesi, na jipya ni ghali. Basi baadhi yao waligundua kuwa rimu ya nyuma ya Gold Wing ni ya inchi 16 na ni pana kiasi kwamba tairi la gari lenye namba kama 195/55R16 linaweza kuingia badala ya lile la kiwandani, ambalo ni 180/60R16. Wakafunga. Wanasema linadumu mara mbili au zaidi ya la pikipiki, na linastahimili mzigo. Wenyewe, kwa utani, wanasema wamehamia upande wa giza, kwa sababu wanajua wamefanya kitu ambacho watengenezaji wa pikipiki na watengenezaji wa matairi wote wanakikataza.

Ukiondoa hema na mabegi, hiyo ni hesabu ya bodaboda. Mzigo mzito, safari nyingi, tairi la nyuma linalokwisha kabla hela ya jingine haijapatikana. Tofauti ni kwamba mwenye Gold Wing anafanya hivyo kwa pikipiki yake mwenyewe, na akianguka anaanguka na mkewe. Bodaboda wa Turiani anambeba mtoto wa mtu mwingine.

Kwa nini halifai

Kwanza halitaingia. Tairi la nyuma la pikipiki nyingi za biashara huku lina namba kama 3.00-17 au 3.00-18. Hiyo 3.00 ni upana kwa inchi, yaani karibu milimita 76. Tairi la gari dogo kabisa lina upana unaokaribia mara mbili ya huo. Litagusa cheni upande mmoja na chuma kinachoshika gurudumu upande wa pili, kabla hujafikiria madigadi.

Kuna anayeona namba 17 kwenye rimu ya pikipiki na 17 kwenye tairi la gari akadhani ni kitu kimoja. Inchi ni zilezile, lakini kikalio si kilekile. Ukingo wa ndani wa tairi, ule wenye nyaya za chuma unaobana kwenye rimu, umetengenezwa kukaa kwenye umbo fulani la rimu, na rimu ya gari haina umbo la rimu ya pikipiki. Fundi akilazimisha huongeza upepo kupita kiasi ili ukingo ukae. Hapo tairi linaweza kupasuka mikononi mwake, au nyaya zikakatika kimyakimya na tairi likachomoka baadaye kwenye kona. Ongeza na hili: tairi la gari la siku hizi limetengenezwa kutumika bila tyubu, na rimu ya spoki haishiki upepo bila tyubu, kwa sababu kila tundu la spoki ni mlango wa kutokea.

Sababu kubwa kuliko hizo ni umbo. Chukua yai na kopo la maziwa ya unga. Vilaze mezani uvisukume. Kopo linakwenda moja kwa moja, limeshika meza kwa upana wake wote. Ukiliinamisha, linasimama kwenye ukingo wake mwembamba. Yai ukiliinamisha linabaki limegusa meza vilevile. Gari ni kopo: halilali kwenye kona, linazungusha tu magurudumu ya mbele. Pikipiki ni yai: bila kulala haikati kona. Mgongo wa tairi lake ni wa mviringo ili pikipiki inapolala, mpira uendelee kugusa ardhi. Tairi la gari likilala linabaki limeshika kwa ukingo, na kabla ya hapo linapinga kulala. Wenye Gold Wing hukiri kwamba inabidi kusukuma usukani kwa nguvu ili pikipiki ikubali kona.

Kwenye barabara iliyonyooka mtu anaweza kuzoea. Kwenye njia za mashamba ya miwa ya Mtibwa, msimu wa kuvuna, hali ni nyingine. Malori na matrekta ya miwa yanaacha mifereji ya magurudumu, na mvua ikinyesha mifereji hiyo inakuwa na kingo kali. Tairi la mviringo linapanda ukingo na kushuka taratibu. Tairi bapa likikanyaga ukingo wa mfereji kwa upande mmoja, linaigeuza pikipiki yote kufuata mteremko wa ukingo ule, bila dereva kutaka. Hata Gold Wing ya kilo 400 huyumba hivyo kwenye lami iliyobonyea. Boxer yenye gunia nyuma haina uzito wala upana wa kubishana.

Utauliza, mbona guta na bajaji zina matairi bapa na zinatembea? Kwa sababu hazilali. Zina magurudumu matatu, zinakata kona zimesimama wima kama gari. Pikipiki yenye kigari cha pembeni nayo huwa hivyo, na za kijeshi za zamani ziliweza kutumia tairi bapa bila matatizo. Kwa hiyo tairi la gari si baya. Liko tu kwenye chombo kisicho chake.

Tairi bapa tulilo nalo tayari

Hapa ndipo habari inapohama kutoka Marekani na kuja kwetu. Hakuna bodaboda wa Turiani anayetembea na tairi la IST nyuma. Lakini wapo wengi wanaotembea na tairi bapa, na hawakulinunua likiwa hivyo.

Barabara ya Magole hadi Turiani, karibu kilomita 48, ilipowekewa lami katika miaka ya 2010, ilibadilisha maisha ya eneo hili, na hakuna anayetaka kurudi kwenye vumbi. Ilibadilisha pia jinsi tairi la pikipiki linavyoliwa. Zamani tairi lilichakaa kwa kukatwa na mawe na kuchunwa pande zote, kwa kuwa dereva alikuwa akikwepa mashimo kutwa nzima, akilala kulia na kushoto. Kwenye lami pikipiki inakwenda wima kwa mwendo mkubwa kilomita baada ya kilomita, na inayosagika ni sehemu ya katikati peke yake. Pande zinabaki na kashata zake nzuri. Katikati panakuwa kama ubao wa benchi.

Tairi likifika hapo limeshakuwa kopo. Dereva analijua bila kuelezwa, ila hulitaja kwa maneno mengine: pikipiki imekuwa nzito kwenye kona, inaingia kona kwa kushtuka, inafuata mistari ya barabara. Mara nyingi lawama zinakwenda kwenye shokapu au beringi za usukani, na fundi anabadilisha beringi.

Na safari ya bodaboda wa Turiani haiishii kwenye lami. Asubuhi anaweza kupeleka abiria Hembeti kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, na mchana akapanda njia ya udongo mwekundu kuelekea vijiji vya milima ya Nguru. Tairi moja linatakiwa lishike lami yenye maji na lipande tope. Wenzao wa Mgeta, upande wa Uluguru wa wilaya hiyohiyo ya Mvomero, wanaoshusha kabichi na viazi, wanalijua hilo zaidi: huko breki ndiyo kazi ya siku nzima. Tairi lililokuwa bapa katikati linapoteza mifereji ya kutoa maji hasa pale linapogusa lami, na linapofika kwenye tope halina meno.

Wapo wanaoliongezea umri kwa kisu, wakichonga mifereji mipya kwenye mpira uliobaki. Nitasema wazi kwamba hili linanitisha kuliko tairi la gari. Chini ya mpira wa kukanyagia kuna nyuzi ndizo zinazoshika tairi lisipasuke. Kwenye tairi la pikipiki tabaka lililobaki hapo ni jembamba mno, na kisu hakijui kimebakiza kiasi gani. Tairi linaonekana jipya kwa mbali, na abiria anadanganyika.

Kilo 190

Kuna namba ubavuni mwa tairi ambayo wengi hawaiangalii. Baada ya 3.00-17 unaweza kukuta 50P. Herufi inahusu mwendo. Hiyo 50 ni alama ya uzito, na maana yake ni kilo 190. Ukikuta 52, ni kilo 200. Huo ndio mzigo ambao tairi moja limetengenezwa kuubeba likiwa na upepo wake kamili.

Fanya hesabu ya makadirio. Pikipiki yenyewe ina kilo 120 hivi, na zaidi ya nusu inaangukia nyuma: weka 65. Dereva wa kilo 65 analalia nyuma kwa sehemu kubwa kidogo: weka 40. Abiria mmoja wa uzito huohuo amekaa karibu juu ya gurudumu: weka 60. Jumla ni 165. Bado uko salama, na umebakiwa na nafasi ya begi na kuku wawili. Sasa weka mshikaki, abiria wa pili nyuma kwenye keria. Uzito wake wote ni wa gurudumu la nyuma. Umefika 230. Au ondoa abiria uweke gunia la mpunga lililofungwa lumbesa, linalozidi kilo 100: umepita 200, na likining'inia nyuma ya gurudumu linazidi zaidi, maana linainua mbele na kukandamiza nyuma.

Tairi halipasuki siku hiyo. Linachoka. Ubavu unakunjwa na kukunjuka kila mzunguko, joto linapanda, nyuzi zinalegea. Linapasuka siku nyingine, pengine abiria akiwa mmoja na barabara ikiwa kavu, na kila mtu anashangaa.

Dereva anayebeba sana ana njia halali ya kupata tairi gumu bila kufikiria la gari. Matairi mengi ya pikipiki yameandikwa 4PR, 6PR au 8PR. Kwa ukubwa uleule, namba ikiwa kubwa tairi lina ubavu wenye nguvu zaidi. Muulize muuzaji hilo, na alama ya uzito, kabla ya kuuliza jina la kampuni. Kupandisha upana, kwa mfano kufunga 4.10 kwenye rimu iliyotoka na 3.00, si sawa na kupandisha nguvu. Rimu nyembamba inalibana tairi pana, mgongo wake unabadilika umbo, na siku mnyororo ukilegea kidogo unaanza kulila ubavuni.

Upepo nao una lake. Kupima kwa kidole gumba hakupimi kitu kwenye tairi lenye ubavu mgumu. Linaonekana limejaa hata likiwa nusu. Kipimo cha upepo ni kidogo, kinaingia mfukoni, na kijiwe kizima kinaweza kutumia kimoja. Kiasi cha upepo wa nyuma ukiwa peke yako na ukiwa na abiria hakilingani, na kwa kawaida vyote viwili vimeandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki au kitabu chake. Wanaojaza sana kwa ajili ya gunia kisha wakatembea hivyohivyo wiki nzima bila mzigo wanaharakisha ileile kazi ya kulifanya tairi kuwa bapa, kwa sababu tairi lililovimba linagusa lami kwa katikati tu.

Nani ananunua

Mpaka hapa unaweza kudhani tatizo ni elimu. Sidhani. Madereva wengi wanajua tairi lao limekwisha. Wanaendelea nalo kwa sababu ya namna pikipiki inavyomilikiwa.

Pikipiki nyingi za biashara si za wanaoziendesha. Kuna za hesabu, ambapo dereva anapeleka kiasi kwa tajiri kila siku au kila wiki, na chombo kinabaki cha tajiri. Kuna za mkataba, ambapo analipa kwa mwaka mmoja au zaidi kidogo, kisha pikipiki inakuwa yake. Kwenye mkataba dereva ndiye anayebeba matengenezo, na kipindi kizigo zaidi ni kile ambacho tairi la kiwandani linaisha wakati bado anadaiwa. Kwenye hesabu, tajiri anasema tairi ni la dereva kwa kuwa ndiye anayelila, dereva anasema ni la tajiri kwa kuwa chombo ni chake. Wakati wanabishana, tairi linaendelea kutembea. Mikataba mingi inayoandikwa kwenye karatasi ya daftari inataja kiasi, siku ya malipo na kitakachotokea dereva akichelewa. Neno tairi halimo.

Ukiangalia hela yenyewe, inashangaza. Tuseme tairi zuri la nyuma ni shilingi 50,000 na linatembea kilomita 10,000. Hiyo ni shilingi 5 kwa kilomita. Tuseme lita ya petroli ni 3,000 na inakupeleka kilomita 40. Hiyo ni shilingi 75 kwa kilomita. Badilisha bei kadiri ya soko la kwenu na tangazo la EWURA la mwezi huo. Uwiano hautabadilika sana. Tairi ni gharama ndogo mno ukilinganisha na mafuta. Anayetembea na kipara ili kubana matumizi anabana kwenye shilingi 5 na kuacha 75.

Shida ni kwamba mafuta yananunuliwa kwa elfu mbili mbili, na tairi linataka elfu hamsini kwa mkupuo. Hakuna muuza tairi anayekukatia robo. Ndiyo maana hata shilingi 5 inamshinda mtu anayeamka kila siku akidaiwa hesabu ya siku hiyo.

Sheria imefika hapa kwa mlango mmoja tu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimruhusu mtu kuendesha chombo kibovu, na tairi kipara ni ubovu. Kanuni za pikipiki na bajaji za biashara zilikuja mwaka 2010, baada ya bodaboda kuwa tayari zimejaa barabarani. Kuanzia Julai 2021, kupitia bajeti ya serikali, faini ya kosa moja kwa bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Madereva walifurahi, na walikuwa na haki: elfu thelathini kwa mtu wa pikipiki ilikuwa sawa na anayoilipa mwenye lori. Lakini tazama inavyosomeka kwenye hesabu ya tairi. Kukamatwa mara tatu sasa ni rahisi kuliko kununua jipya. Simaanishi faini irudi juu. Faini kubwa ingemnyang'anya dereva elfu hamsini ileile anayotakiwa kununulia tairi, na askari akimwachia aendelee na safari, tairi ni lilelile. Ninachosema ni kwamba faini haiwezi kuwa ndiyo mpango wa matairi.

Mpango unaweza kutoka kijiweni. Dereva anayetembea kilomita 100 kwa siku anamaliza kilomita 10,000 kwa siku 100. Akiweka shilingi 500 kila siku, siku ya mia moja ana 50,000. Peke yake hataweka, kwa sababu tuliyoisema. Lakini kijiwe chenye watu 20 wakitoa 500 kila mmoja kinapata 10,000 kwa siku, na kila siku ya tano mtu mmoja anapata tairi. Baada ya siku 100 mzunguko umewapitia wote ishirini, na wa kwanza anakuwa amefikia kubadilisha tena. Ni mchezo uleule wanaocheza mama zetu sokoni kwa vyombo na vitenge, ila hapa anayepokea hapokei hela mkononi. Mweka hazina anakwenda naye dukani. Na anayepewa kwanza asiwe aliyeshinda kura, awe yule ambaye tairi lake ni baya kuliko yote. Ugomvi wa kulipima utakuwepo, lakini ni ugomvi mzuri.

Kwa upande wa tajiri, hesabu ni fupi zaidi. Pikipiki iliyoanguka hailipi hesabu. Siku chache za malipo akizisamehe kwa ajili ya tairi, amepoteza kidogo kuliko wiki moja chombo kikiwa kwa fundi na dereva akiwa kitandani.

Abiria uangalie nini

Abiria wa vijijini hana chaguo kubwa. Usiku wa mvua mama akishikwa na uchungu juu milimani, namba 115 ya m-mama ni ya bure na inatafuta usafiri wa dharura, lakini ziko njia ambazo gari halifiki, na pikipiki ndiyo inayomshusha mpaka barabarani au mpaka hospitali ya Bwagala. Hospitali ya mkoa iko Morogoro, zaidi ya kilomita 100. Usiku ule hakuna atakayeinama kukagua tairi. Linakaguliwa mchana, na dereva wako wa kila siku, yule ambaye namba yake umeihifadhi kwenye simu.

Simama nyuma ya pikipiki utazame tairi la nyuma kwa usawa wa macho. Mgongo wake ukiwa mviringo kama wa yai, ni zima. Ukiwa umenyooka kama benchi, limekwisha hata kama pembeni kuna kashata nzuri. Ubavuni tafuta herufi TWI au alama ya pembetatu. Fuata alama hiyo kuelekea juu ya tairi, utaona kinundu kidogo ndani ya mfereji. Mpira ukilingana na kinundu, muda umefika. Kwenye tairi la mtumba, au lililokaa sana dukani, tafuta tarakimu nne ndani ya duara refu: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa umetundikwa ukutani, na nyufa ndogondogo ubavuni zinamaanisha hivyo.

Na kama wewe ndiye mwenye pikipiki, na mkataba wako na dereva bado uko kwenye droo, mstari unaokosekana hauhitaji mwanasheria: tairi la nyuma linabadilishwa likifika kwenye alama, la ukubwa uliotoka na pikipiki na nguvu isiyopungua 6PR, linanunuliwa na fulani, na gharama inakatwa kwenye malipo ya wiki fulani. Majina na wiki mtajaza wenyewe. Dereva aliyebakiza miezi mitatu kumaliza mkataba, mwenye kipara leo, hawezi kungoja mkataba ujao. Kwake huyo mazungumzo ni ya wiki hii, kabla mvua hazijachanganya.